Shule Ambayo Mradi Haukufika



Walimu mnaonisikiliza mnaijua siku ya kufunga mradi. Turubai limefungwa uwanjani, spika inakoroma, mgeni rasmi kachelewa saa mbili nzima, na watoto wa darasa la tano wamepangwa juani na fulana mpya zenye nembo ya mfadhili. Mradi ulikuwa wa nidhamu. Huenda uliitwa wa malezi bora, au wa stadi za maisha, au wa shule salama. Jina hufuata mfadhili. Inasomwa risala, na katika risala haikosi sentensi hii: kabla ya mradi, utoro, ugomvi na utovu wa nidhamu vilikuwa vimekithiri shuleni kwetu, na sasa vimepungua kwa kiasi kikubwa. Makofi yanapigwa, soda zinagawiwa, picha ya pamoja inapigwa, na gari jeupe linaondoka.

Nami swali langu ni moja tu: wamejuaje?

Sisemi kwamba risala inadanganya. Mwalimu mkuu aliyeiandika pengine anaamini kila neno lililomo, na pengine ni kweli. Ila kwa namna miradi yetu mingi inavyopimwa, risala hiyohiyo ingeweza kusomwa hata kama mradi haukufanya lolote.

Tuchukue jambo la kila siku. Mradi unaingia shuleni, mwalimu wa malezi anaambiwa ataje watoto 20 walioshindikana. Atamtaja nani? Atamtaja aliyepigana juzi, aliyetoroka karibu mwezi mzima, na yule aliyemjibu mwalimu wa zamu mstarini mbele ya shule nzima. Yaani anawachukua watoto wakiwa kwenye kilele cha utundu wao, na aliye kileleni hana pa kwenda ila chini. Muhula ujao wengi wao watakuwa wametulia kidogo hata wasipoguswa na mtu: mama aliyekuwa amelazwa karudi nyumbani, rafiki mchochezi kahamia shule nyingine, au mtoto mwenyewe kakua tu. Ukiwapima Januari, ukawapima tena Novemba, utaona nafuu. Utaiandika kwenye ripoti, na mradi utajitwalia sifa ya kazi iliyofanywa na kalenda.

Halafu kuna kitabu cha adhabu. Kanuni za Tanzania zinataka viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Mratibu wa mradi akitaka takwimu hukimbilia kitabu hicho. Lakini mwalimu aliyekwenda semina ya nidhamu chanya, akasaini mahudhurio na akasaini posho, anajua fika kwamba watu wa mradi watarudi kukipekua. Basi kitabu kinakonda. Fimbo haikondi. Na hata kabla ya mradi, ni nani aliyewahi kuiona shule ambayo kila kiboko kilichochapwa kiliingia kitabuni?

Dawa ya haya yote inajulikana. Tafuta shule nyingine inayofanana na hii, ambayo mradi haukufika, uipime siku zilezile kwa maswali yaleyale. Kama utoro umepungua kwa theluthi katika shule ya mradi, na kule kusiko na mradi nako umepungua kwa theluthi, mradi haukupunguza kitu; labda mavuno yamekwisha na watoto wamerudi kutoka shambani. Na ili pasiwe na ujanja wa kupeleka mradi kwa walimu wakuu wachapakazi kisha kuwalinganisha na wazembe, kura ndiyo iamue shule ipi ipate na ipi isubiri. Ni rahisi kusema. Kutenda ni kazi, kwa sababu ni nadra mfadhili kukubali kulipia mafuta ya gari liende kuhesabu watoto katika shule ambayo nembo yake haiko ukutani.

Kuna kisa cha Marekani ambacho, kama ningekuwa na mamlaka, kingesomwa katika kila kikao cha wadau kabla ya chai kuletwa. Katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, daktari aliyeitwa Richard Cabot alibuni mpango wa kuwasaidia wavulana wadogo wasije wakaangukia uhalifu. Kazi ilianza mwaka 1939. Wavulana walikuwa 506. Walipangwa wawiliwawili, kila jozi ikilingana kwa umri, akili na hali ya nyumbani, kisha sarafu ikarushwa: mmoja akaingia kwenye mpango, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Walioingia walipata kila ambacho leo tungekiita huduma bora. Mshauri aliwatembelea nyumbani, kwa wastani mara 2 kwa mwezi, kwa muda wa miaka 5 hivi. Wengi walipewa masomo ya ziada, wengine tiba, wengine wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Mwaka 1945 mpango ukafungwa.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawasaka wale wavulana, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye mvi na familia. Aliwauliza waliohudumiwa kama mpango uliwafaa. Theluthi mbili ya waliojibu walisema uliwafaa. Hiyo ni risala safi kabisa. Ingetosha kufungia mradi wowote wa hapa kwetu. Lakini McCord hakuishia hapo. Alipekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo, akawalinganisha na wale ambao sarafu iliwaacha nje. Hakuna kipimo hata kimoja ambacho waliohudumiwa waliwazidi wenzao. Na katika vipimo kadhaa walikuwa katika hali mbaya zaidi: walielekea zaidi kurudia makosa ya jinai, kuonyesha dalili za ulevi na za maradhi makubwa ya akili, na kufa mapema. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978, na hayakuwafurahisha watu wa ustawi wa jamii.

Ikawaje msaada uumize? McCord alirudi tena kwenye rekodi zilezile pamoja na wenzake, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba madhara yalijikusanya zaidi kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Hapo matroni na patroni wa mabweni mnatabasamu, najua. Wakusanye watundu mahali pamoja, watenge na watoto watulivu, kila mmoja asimulie aliyoyatenda na wenzake wamchekee, nawe umekwisha kufungua chuo. Halafu sisi tunafanyaje? Tunawachukua wale 20 waliotajwa na mwalimu wa malezi, tunawaundia klabu, tunawapa siku yao na soda yao, tunawapeleka ziara. Huenda baadhi ya klabu hizo zinafaa. Ila anayeziendesha bila kuwa na kundi la kulinganisha hawezi kujua kama anatibu au anaambukiza.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ya ile sarafu. Bila sarafu, mpango wa Cabot ungekuwa unasifiwa hadi leo. Walengwa waliupenda na wahudumu walijituma kwa moyo. Mgeni rasmi angetaka nini zaidi?

Nisieleweke kwamba hakuna kinachofaa. Nani hakumbuki orodha ya wapiga kelele? Mwalimu anatoka darasani, kiranja anabaki na kipande cha karatasi. Marafiki wa kiranja hawaandikwi. Aliyemnyima muhogo wakati wa mapumziko anaandikwa, tena anaongezewa alama kwamba kazidisha, na mwalimu akirudi fimbo inaifuata karatasi bila rufaa. Sasa, mwaka 1969, watafiti Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf walichapisha jambo walilolifanya katika darasa la nne la shule moja jimboni Kansas, Marekani, linalofanana na orodha yetu kwa sura lakini limepinduliwa. Ulikuwa mchezo: darasa liligawanywa timu 2. Kanuni zilitajwa wazi: usinyanyuke bila ruhusa, usiropoke. Mtu akikosea, mwalimu mwenyewe anaweka alama ubaoni kwa timu nzima, mbele ya wote. Timu yenye alama chache inashinda, na zote 2 zinaweza kushinda zikibaki chini ya kiwango. Mshindi anatangulia kwenye foleni ya chakula, anavaa beji, na mwisho wa siku anapata muda wa kufanya anachokipenda. Fimbo haimo.

Kelele na kuzurura darasani vikashuka sana. Wakauondoa mchezo, vurugu zikarudi. Wakaurudisha, zikashuka tena. Hiyo nayo ni namna ya kupima pale ambapo huna shule ya pili: darasa linalinganishwa na lenyewe, likiwa na mchezo na likiwa bila mchezo. Watoto 2 waligoma katikati, wakatangaza kwamba hawachezi tena, na alama zao zikawa zinahesabiwa kando ili wenzao wasiumizwe kwa ajili yao. Napenda kwamba waandishi wameliandika na hilo. Ripoti isiyokuwa na mtoto hata mmoja aliyegoma mimi huisoma kwa shaka.

Mchezo huo ulipelekwa mjini Baltimore, hukohuko Marekani, na hapo ndipo ulipopimwa kwa uvumilivu ambao sisi hatujauzoea. Katika mwaka wa masomo wa 1985 na 1986, mtafiti Sheppard Kellam na wenzake waliugawa kwa nasibu kwa madarasa ya kwanza katika shule za msingi 19. Kisha wakangoja. Watoto walipofika umri wa miaka 19 hadi 21, waliulizwa tena. Miongoni mwa vijana wa kiume waliosoma katika madarasa ya kawaida, 38 katika kila 100 walikuwa wamewahi kuingia kwenye tatizo la dawa za kulevya. Kwa waliocheza mchezo walikuwa 19. Nafuu kubwa zaidi ilikuwa kwa wavulana waliokuwa wakorofi kuliko wote walipoingia darasa la kwanza, ambao hawakutengwa wala kuundiwa klabu. Walibaki darasani, ndani ya timu pamoja na watulivu. Kwa wasichana mchezo haukuonyesha tofauti kubwa.

Lakini subiri kidogo kabla hujaagiza beji. Mwaka uliofuata walimu wa Baltimore waliwafundisha mchezo huohuo watoto wapya, safari hii wakipata usaidizi mdogo kuliko mwanzo, na matokeo yakawa hafifu zaidi. Miaka 30 baadaye Uingereza ikaujaribu katika shule za msingi 77, chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, kwa watoto wa miaka 7 na 8, muda wa miaka 2. Ripoti ya mwaka 2018 ilisema kwa ujumla watoto waliocheza hawakutulia kuliko wenzao, wala hawakusoma vizuri zaidi. Baadhi ya shule ziliuacha mchezo kabla ya muda kwisha.

Nini kilitokea? Kwa maoni yangu jibu moja liko katika ile shule ya pili. Shule isiyopata mradi hailali. Shule ya Uingereza ya karne hii tayari ina taratibu zake za tabia, zawadi zake na wasaidizi wake wa darasani, basi mchezo haukujaza nafasi iliyokuwa tupu. Baltimore ya mwaka 1985 ilikuwa mahali pengine. Ndiyo maana mtu akija na mkoba akisema programu yake imethibitishwa kimataifa, haitoshi kumuuliza kama ilifanya kazi. Muulize ilifanya kazi wapi, ikilinganishwa na nini, na mwalimu alitembelewa mara ngapi baada ya semina.

Kuna suala la nani anaulizwa. Wataalamu wana dodoso mashuhuri la daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili ya watoto, Robert Goodman, la mwaka 1997, lenye vipengele 25 kuhusu hasira, utulivu, huzuni, marafiki na moyo wa kusaidia. Limeenea duniani kote, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Hujazwa na mwalimu, na mzazi, na mtoto mwenyewe akiwa mkubwa kiasi, na tangu zamani watafiti wanajua kwamba majibu ya hawa watatu hulingana kwa shida. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani anamwona anayepiga kelele. Mama anamwona anayelia usiku. Na mtoto anayechapwa akanyamaza, anayekuja na kurudi bila kusema neno, huyo kwa mwalimu ana alama nzuri kabisa za nidhamu. Mradi unaohesabu kelele peke yake unaweza kufaulu kwa kuwatisha watoto, ukapigiwa makofi.

Hapo ndipo napenda twende Uganda, wilaya ya Luwero, kwa sababu wenzetu wa pale walianza na upande wa pili wa shilingi: tabia ya watu wazima. Asasi ya Raising Voices ya Kampala iliandaa mpango wa shule nzima, unaowahusu mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi, kamati na wazazi, unaoendeshwa na shule yenyewe kwa hatua zake, kwa kamati zake na kwa kanuni zinazotungwa pamoja na watoto. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine wakiongozwa na Karen Devries waliupima kati ya mwaka 2012 na 2014. Shule za msingi 42 ziliingia, kura ikazigawa: 21 zikapata mpango, 21 zikasubiri. Baada ya miezi 18 watoto wa darasa la tano hadi la saba waliulizwa, kila mmoja peke yake, kama katika juma lililopita mfanyakazi yeyote wa shule aliwapiga au kuwaumiza. Katika shule zilizosubiri, 48.7% walisema ndiyo. Katika shule za mpango, 31%.

Zitazame namba hizo kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza ni ushindi ambao miradi michache duniani imeuonyesha kwa ushahidi wa namna hiyo. Kwa jicho la pili, hata pale mpango ulipofaulu karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa amepigwa ndani ya juma moja. Watoto walisema wanajisikia salama na vizuri zaidi shuleni, ila alama zao za mitihani hazikupanda. Watafiti waliyaandika yote hayo, na makala yakachapishwa mwaka 2015.

Na kuna namba nyingine katika utafiti huo ambayo kwangu ni nzito kuliko zote: 434. Hao ni watoto ambao, kwa sababu ya waliyoyasema walipohojiwa mwishoni, ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Ilikuwa imekubaliwa mapema kwamba mtoto akieleza jambo la hatari halitaishia kwenye karatasi. Sasa fikiria ni tathmini ngapi zimepita katika shule zetu, mhojaji kijana wa chuo kakaa na mtoto chini ya mwembe, kamuuliza maswali ya ndani kabisa, mtoto kafungua moyo, mhojaji kaandika, kafunga kishikwambi, kaondoka. Mtoto kabaki na mwalimu yuleyule. Mimi ningesema bora usiulize kabisa kuliko kuuliza namna hiyo.

Karibu zaidi na sisi ni Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 na inayohifadhi watu kutoka Kongo na Burundi. Humo shirika la International Rescue Committee lilianzisha programu ya EmpaTeach. Walimu walikutana kwa vikundi kwa majuma 10, wakajifunza kutuliza hasira zao wenyewe, kumwelewa mtoto, na kuendesha darasa bila fimbo. Programu ilitengenezwa kwa uangalifu, na kitu cha kumsaidia mwalimu mwenyewe, ambaye naye ni mkimbizi, hakikusahaulika. Ilipimwa kwa kura katika shule 27 za msingi na sekondari za kambini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: haikupunguza kupigwa kwa wanafunzi.

Haikupunguza. Na shirika halikulificha. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuhudhuria sherehe ambayo mwenye mradi anasimama na kusema, tumejaribu, tumepima, haikufaa?

Ukiniuliza kwa nini Luwero ilifaulu na Nyarugusu haikufaulu, nitakupa dhana tu, maana mahali ni tofauti na watu ni tofauti. Luwero walipewa miezi 18, Nyarugusu majuma 10. Luwero iligusa shule nzima na kumpa mtoto nafasi ya kusema. Nyarugusu ilimshika mwalimu peke yake, kisha ikamrudisha kwenye darasa lilelile lililofurika. Lakini tusikimbilie kusema kozi fupi haziwezi. Jaribio jingine lililofanywa katika shule za sekondari 8 za serikali hapa Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2018, liliwapa walimu mafunzo ya siku zisizofika hata juma moja, na baada ya miezi michache walimu na wanafunzi wote wakaeleza kwamba ukali wa walimu ulikuwa umepungua ukilinganisha na shule ambazo hazikupata. Shule 8 ni chache na miezi michache ni michache. Hata hivyo ni ushahidi, na unavuta upande wake.

Sasa niseme lililonileta. Tunazibana programu hizi mpya zitoe ushahidi, na ni haki. Ila kuna programu moja kongwe ya nidhamu iliyomo shuleni kwetu tangu enzi za mkoloni, imeenea kuliko zote, haina mfadhili, na hakuna anayeidai ripoti. Nayo ni kiboko. Kenya ilikipiga marufuku mwaka 2001; Januari 2021, baada ya wanafunzi kuwashambulia walimu, waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, akapendekeza kirudishwe. Tanzania bado tunakiruhusu. Katika mabishano yote hayo kila mtu analeta ushahidi wake mwenyewe: mimi nilichapwa na nimekuwa mtu. Huyo anayesema hivyo hana shule ya pili. Hajui angekuwa nani asingechapwa, na wenzake waliochapwa wakaacha shule hawamo katika chumba anamozungumza.

Mtafiti Tobias Hecker na wenzake waliwauliza watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, na matokeo yalitoka mwaka 2014. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi nyumbani ndio walioonyesha zaidi ugomvi na ukaidi. Hapo mpinzani wa fimbo atashangilia, nami nitamwomba atulie, maana kanuni ni ileile kwa wote: utafiti wa kuuliza mara moja hausemi kipi kilianza. Huenda fimbo inazaa ukaidi, na huenda mtoto mkaidi anavuta fimbo, na huenda yote mawili yanazungukana. Lakini jambo moja linaonekana hata kwa ushahidi wa namna hiyo. Kama karibu kila mtoto amekwisha kupewa dawa hii, na risala zetu bado zinalia kwamba utovu wa nidhamu umekithiri, basi anayeitetea dawa ndiye mwenye mzigo wa kutueleza inatibu nini.

Nimalizie na afisa elimu, maana najua mmoja au wawili mnanisikiliza. Tuseme halmashauri yako ina shule 24 zinazotaka programu ya nidhamu, na fedha zinatosha 12. Kwa kawaida ungefanyaje? Shule zilizo kando ya lami zingepata kwanza, kwa sababu gari linafika. Safari hii ita walimu wakuu wote 24 na wenyeviti wa kamati zao, andika majina kwenye karatasi, mtoto achote mbele yao. Hakuna atakayelalamika kwamba mwenzake kapendelewa. Kabla ya semina ya kwanza, watu wasiotoka ofisini kwako wakawaulize watoto katika shule zote 24, faraghani, kwa maswali yasiyobadilika, wakiwa tayari wamekubaliana na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi nani atapokea taarifa ikiwa mtoto atasema jambo zito. Waulizwe na walionyamaza, sio wale 20 tu. Warudi mwisho wa mradi, na warudi tena mwaka mmoja baada ya gari jeupe kuondoka, maana huo ndio mtihani wenyewe. Fedha ya kazi hiyo ipo, punguza fulana. Zile 12 zilizosubiri zipewe zamu yao, kama ilivyokuwa kwa zile 21 za Luwero. Na ikiwa majibu ya watoto yataonyesha kwamba programu haikubadili kitu, basi zamu yao iwe ya madawati.